Takrima na Kura: Somo kwa Wazee wa Kanisa na Walimu



Mwezi huu nataka tujifunze neno moja ambalo wengi hulitamka na wachache hulipima, nalo ni takrima. Sikulitafuta mimi, nililetewa mlangoni.

Katika mwaka mmoja wa uchaguzi nilihubiri juu ya shauri la Yethro kwa Musa, katika Kutoka 18. Mzee yule alimwona mkwewe amelemewa na kazi ya kuamua watu, akamshauri achague wasaidizi. Tena hakumwambia achague wenye mali au wenye maneno mengi. Alitaka watu wawezao kazi, wamchao Mungu, wasemao kweli, wasiotamani mali isiyo halali. Basi nikasema kwa sauti kubwa kwamba mtu apokeaye kitu cha mgombea anaiuza kura yake.

Jioni yake akaja nyumbani kwangu mama mmoja mjane, mtu mzima kuliko mimi. Kanga mpya ameikunja chini ya kwapa. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, kanga hii nilipewa mkutanoni, nikaambiwa, Mama, usitusahau. Wewe umesema ni bei ya kura, nami sikatai. Lakini nina swali moja. Yale mabati ya kanisa, nayo yatarudishwa?"

Nilinyamaza, maana sikuwa na jibu. Miezi miwili kabla ya siku ile mgombea yuleyule alituletea mabati 40. Mimi mwenyewe nilimsimamisha mbele ya madhabahu nikamshukuru, na washarika wakapiga makofi. Mama alipewa kanga moja akaona haya. Mimi nilipewa mabati 40 wala sikuona haya.

Somo hili ni jibu langu kwa mama yule, nalo limekawia.

1. Takrima ni nini?

Takrima, ukarimu na karamu ni maneno ya ukoo mmoja. Yote hutoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kuheshimu na kutoa kwa moyo mweupe. Wazee wetu, wa pwani na wa bara, waliijua takrima kabla ya uchaguzi wowote. Mgeni akifika hupewa maji, kisha chakula, kisha mahali pa kulala. Hakuna aandikaye alichokula, wala mwenyeji hamwambii asubuhi, "Sasa nilipe kwa jambo fulani."

Sasa itazameni takrima ya uchaguzi. Kwanza, imegeuzwa juu chini. Katika desturi yetu mwenyeji humlisha mgeni, lakini hapa mgeni ndiye awalishaye wenyeji. Pili, haiji ila katika majira yake. Tumezoea kusema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu hangoji siku ya tatu, na jembe letu halijui. Tatu, inaandikwa. Mpambe wake ana daftari lenye majina ya waliopokea. Ukarimu hauna daftari; deni ndilo lenye daftari.

Basi shikeni kipimo hiki kwanza: kitu kitolewacho kwa kutazamia malipo si takrima, hata kikiitwa hivyo na watu elfu.

2. Kura tuliipata kwa taabu

Vijana wetu hudhani kwamba kura ilikuwako siku zote. Sivyo. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, mwaka 1958 na 1959, kura yenyewe ilipimwa kwa fedha. Mtu aliyetaka kupiga kura ilimpasa awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe amesoma kufikia darasa lililowekwa, au awe na kazi iliyotajwa na sheria. Tena alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mkulima wa kawaida alikaa nje akitazama. Wajumbe wa TANU walipokutana Tabora mwezi wa Januari 1958 walishindana sana kwa maneno kama yafaa kuingia katika uchaguzi wa namna ile, mwisho wakakubali kuingia.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 kipimo kile cha fedha kiliondolewa, na kila raia mtu mzima akawa na kura moja, tajiri na maskini sawasawa. Fikirini jambo hili. Babu zetu walinyimwa kura kwa sababu hawakuwa na fedha. Je, sisi tutaitoa kura hiyohiyo kwa sababu tumeonyeshwa fedha?

3. Jembe na Nyumba

Mwaka 1965, nchi ilipokuwa na chama kimoja, njia ya kuchagua wabunge ilitengenezwa kwa namna ambayo yafaa tuikumbuke. Katika majimbo mengi walisimamishwa wagombea wawili, mmoja akapewa alama ya jembe, wa pili alama ya nyumba. Hakuna aliyeruhusiwa kutumia fedha zake kujitafutia kura. Mikutano iliandaliwa na chama, na wagombea wote wawili walisimama mbele ya watu walewale, wakasema na kuulizwa maswali. Walikatazwa kuombea kura kwa kabila au kwa dini.

Mali haikupata mlango wa wazi, na ukubwa wa cheo haukumlinda mtu. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa katika uchaguzi ule.

Lakini tuseme kweli yote. Majina mawili ya mwisho yalipitishwa na wakuu wa chama, na asiyetakiwa huko juu hakufika kwa wananchi. Kwa hiyo fedha ilizuiwa, lakini uchaguzi wenyewe ulikuwa mwembamba. Nalitaja jambo hili ili tuone kwamba mwenendo wa wagombea hutegemea pia njia iliyowekwa ya kuwachagua. Njia ikibadilishwa, mwenendo nao hubadilika.

4. Sheria iliyofungua mlango, na mahakama iliyoufunga

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza wa vyama hivyo ukafanyika mwaka 1995. Ushindani ulikuwa mkubwa, na gharama zikapanda pamoja nao. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985 ilikuwa imekataza rushwa, na kuwalisha au kuwanywesha watu kwa ajili ya kura. Lakini mwaka 2000, kabla ya uchaguzi wa mwaka ule, Bunge liliongeza vifungu vipya. Vilisema kwamba jambo lifanywalo kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa jadi, lisihesabiwe kuwa rushwa. Hapo ndipo neno takrima lilipoingia katika vinywa vya watu wote.

Hiyo nia njema ingepimwaje? Mchele una mizani, nguo ina futi. Nia haina kipimo machoni pa watu. Chaguzi mbili, wa 2000 na wa 2005, zilifanyika chini ya vifungu hivyo.

Mwaka 2005 vyama vitatu vya kutetea haki, kikiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, vilikwenda Mahakama Kuu ya Dar es Salaam. Mwezi wa Aprili 2006 majaji watatu walitoa hukumu kwamba vifungu vile vinapingana na Katiba ya nchi. Waliona kwamba vinampa mgombea tajiri nafasi asiyoipata maskini, hali Katiba yasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Waliona pia kwamba hakuna mpaka unaoonekana kati ya takrima na rushwa, na kwamba mwananchi anaharibiwa uhuru wake wa kuchagua. Basi vikafutwa.

Hii si mara ya kwanza mahakama kuondoa fedha mlangoni. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ilifuta sharti la kwamba mtu apingaye matokeo ya uchaguzi wa mbunge aweke kwanza shilingi 5,000,000 kabla kesi yake haijasikilizwa. Maana haki isiyofikiwa ila na mwenye mamilioni ni haki ya wachache tu.

5. Sheria ya mwaka 2010

Kufuta kibaya ni nusu ya kazi. Sharti kijengwe kizuri. Mwaka 2010 ilitungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwa ufupi yaagiza hivi: mgombea aonyeshe fedha anazokusudia kutumia na zilikotoka, gharama ziwe na kikomo kilichowekwa, hesabu irudishwe baada ya uchaguzi, na Msajili wa Vyama vya Siasa aikague, zawadi za kuvuta kura zikatazwe. Tena yahusu hata kura za maoni ndani ya vyama, si siku ya uchaguzi peke yake.

Neno hili la mwisho ni kubwa. Mara nyingi mbunge hupatikana katika kura za maoni, na siku ya uchaguzi huthibitishwa tu. Wapiga kura wa maoni wakiwa wajumbe 500, mwenye fedha aweza kuwazungukia nyumba kwa nyumba. Wakiwa wanachama 20,000, mfuko wake huchoka. Mwaka 2010 chama kinachotawala, CCM, kiliwapa wanachama wake wote haki ya kupiga kura za maoni za ubunge. Mwaka 2020 kikarudi kwa wajumbe wa mkutano wa jimbo. Msomaji akumbuke kanuni hii popote watu wanapochaguliwa, hata katika ushirika wa mazao na hata katika usharika: kadiri wachaguzi wanavyopungua, ndivyo bei ya kuwanunua wote inavyopungua.

6. Je, desturi hii yaweza kuponywa?

Wengine husema, "Ndivyo dunia ilivyo, mkono mtupu haulambwi." Kwa hao nataka kutaja Uingereza, nchi ambayo wengi hudhani ilizaliwa na uchaguzi safi. Haikuwa hivyo. Hata kufika mwaka 1872 mpiga kura wa huko alitaja kwa sauti, mbele ya watu, jina la amtakaye. Mwenye shamba aliyempangisha alisikia, na mnunuzi aliyemlipa alisikia. Wagombea walifungua vilabu vya pombe, watu wakanywa bila kulipa.

Mwaka 1872 ilitungwa sheria ya kura ya siri. Tangu hapo mnunuzi hakujua tena kama alichonunua amekipata. Lakini ununuzi haukuisha. Uchaguzi wa mwaka 1880 ulikuwa wa gharama kubwa mno. Ndipo mwaka 1883 ikaja sheria ya pili, kali kuliko ya kwanza. Kila mgombea aliwekewa kikomo cha gharama kulingana na hesabu ya wapiga kura, fedha zipite katika mkono wa wakala mmoja, hesabu itangazwe, na mkosaji aadhibiwe hata kwa kifungo. Uchaguzi uliofuata, wa mwaka 1885, ulikuwa na wapiga kura wengi zaidi, lakini gharama zilizotangazwa zilipungua sana. Mwaka 1911 wabunge wakaanza kulipwa mshahara, pauni 400 kwa mwaka, ili hata mtu asiye tajiri aweze kulitumikia Bunge.

Basi dawa zaonekana: siri ya kura, kikomo cha gharama, hesabu ya wazi, adhabu ya kweli, na mshahara wa halali. Sisi nasi tunazo katika sheria zetu. Lakini dawa haiponyi ikikaa chupani. Sheria yataka shahidi, na shahidi ni wewe uliyeona gari likishusha magunia ya sukari usiku.

7. Hesabu ya kanga

Walimu, hesabu hii iandikeni ubaoni, maana watu huamini tarakimu kuliko maonyo.

Tuseme kanga ni shilingi 5,000. Mbunge au diwani hukaa miaka 5, yaani miezi 60. Gawanyeni: ni shilingi 83 kwa mwezi, wala kwa siku haifiki shilingi 3. Hiyo ndiyo bei ya kunyamaza kwako siku zote ambazo barabara haipitiki na zahanati haina dawa. Ukienda kumwuliza, atasema moyoni, "Huyu nilikwisha kumlipa."

Sasa geuzeni upande wa pili. Akiwapa watu 20,000, ametoa shilingi 100,000,000. Amezipata wapi? Labda ni mali yake, naye atataka irudi na faida. Labda amekopeshwa na wafanya biashara wanaongojea kazi ya kujenga darasa au daraja, nao watalipwa kwa darasa lenye saruji haba na daraja lisilomaliza masika mawili. Kwa njia zote mbili malipo hutoka katika mfuko wa watu wote. Wahenga walikwisha sema: mla cha mwenziwe na chake huliwa. Na atakayelipa zaidi ni yule aliyekula kidogo, kwa kuwa tajiri ana gari la kumpeleka hospitali ya mbali, lakini mjane mwenye kanga hana.

8. Jibu kwa mama yule

Sasa narudi kwa mama yetu. Wako wengi wenye swali lake, na wengine wana hofu. Wameapishwa, au wameandikwa jina, au wameambiwa kwamba kura yao itajulikana.

Neno la kwanza: kura yako haikufungwa. Aliyeahidi kuuza shamba la ukoo hafungwi na ahadi ile, maana shamba halikuwa lake peke yake. Kadhalika kura ni amana ya wote, ya mtoto asiyezaliwa na ya mgonjwa asiyeweza kutembea. Ingia katika chumba cha kura ukachague uliyempima kwa kweli. Karatasi haina jina lako.

Neno la pili: usijifanye mjanja. Watu husema, "Kula kwake, kura kwangu." Maneno haya yachekesha, lakini yana hasara mbili. Yawafundisha watoto wetu kupokea kwa uongo. Tena yamfukuza mgombea mwaminifu asiye na cha kugawa, kwa kuwa kila mkutano wataka kula kwanza. Tukila kwa wote, watabaki wale tu wawezao kulisha wote.

Neno la tatu: ukiona ununuzi wa kura au wa shahada za kupigia kura, toa habari TAKUKURU. Usitangaze jina la mtu kwa uvumi. Sema uliloliona kwa macho, siku gani, mahali gani.

Neno la nne ni letu sisi tusimamao mbele ya madhabahu. Nilikosa. Nilimkanya mwenye kanga, nikampigia makofi mwenye mabati. Kanisa likipokea zawadi ya mgombea wakati wa kuomba kura, lauza kura zisizo zake, za washarika wote kwa mara moja. Niliwaeleza wazee wa kanisa neno la mama yule. Wengine walisema, "Mabati yamekwisha pigiliwa misumari, tufanyeje?" Tukakaa mpaka usiku, tukapatana mambo matatu. Tangu mwaka wa uchaguzi uanzapo hata matokeo yatangazwe, zawadi ya mtu aombaye cheo haipokelewi. Mgombea akija ibadani atakaa kama msharika mwingine, wala hatapewa nafasi ya kusema. Na bei ya mabati 40 itachangwa nasi wenyewe na kurudishwa.

Tulichanga kwa mavuno mawili. Tulipompelekea fedha zake hakuzitaka, akatucheka. Basi tukazipeleka zahanati ya kijiji, tukasoma hesabu yake mbele ya usharika wote, senti kwa senti.

Samweli alipokuwa mzee, katika 1 Samweli 12, alisimama mbele ya taifa lake akawauliza kama yuko mtu aliyemnyang'anya ng'ombe au punda, au aliyempa rushwa. Watu wote wakashuhudia kwamba hayuko. Yafaa kila tumchaguaye aweze kuuliza swali hilo mwisho wa kazi yake, na yafaa sisi tuweze kuulizwa pia.

Mchango ule wa mabati ulipoanza, wa kwanza kusimama alikuwa mama yule mjane. Alitoa shilingi 1,000, akasema, "Hii ni ya msumari mmoja." Kanga hakuja nayo. Alikuwa amekwisha kumrudishia mpambe aliyempa, mchana, sokoni, watu wakiona.

Maswali ya kufundishia

1. Ukarimu wa jadi na zawadi ya mgombea hutofautianaje? Tajeni mambo matatu.
2. Katika mwaka 1958 mkulima wa kawaida alizuiwa na nini asipige kura?
3. Njia ya mwaka 1965 ilizuiaje fedha, nayo ilikuwa na upungufu gani?
4. Kwa nini mahakama ilifuta vifungu vya takrima mwaka 2006?
5. Je, usharika wetu umepokea nini katika mwaka wa uchaguzi, na tuliotoa shukrani ni nani?

Swali la tano lisijibiwe na mwalimu peke yake. Wazee wa kanisa na wakae pamoja walijibu.

Mimi ndugu yenu katika kazi.